Raundi Mbili za Emukaya

Kama kuna kitu Pascalia Awinja alikidharau kuliko chai ya Chuo cha Ualimu cha Emukaya, basi ni ubao wa rekodi za riadha. Na ile chai, jamani, ilikuwa maji moto yaliyosikia tu habari za majani. Ubao wenyewe ulining'inia bwaloni, karibu na mlango wa jikoni, mbao tano zimepakwa rangi nyeusi na kuandikwa kwa nyeupe. Ulidanganya mbele ya watu mia tatu kila mlo, asubuhi, mchana na jioni, na watu wakala obusuma, ugali wao, chini yake bila kushtuka.

Mstari mmoja tu ndio haukuwa wa uongo. Mita mia nane wanawake, P. Awinja, 1973, dakika mbili na sekunde kumi na moja.

Aliukimbia pekupeku, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mtihani ulipomshinda, chuo hakikumtupa. Kilimpa ufunguo wa stoo ya michezo, mipira, mikuki, chokaa na stopwochi moja. Akawa Mama Stoo akiwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Ualimu haukumpata, mume alikuja akaenda, shamba hakuwa nalo. Alichokuwa nacho duniani ni ule mstari. Mama yake mzazi, ambaye hajui a wala be, alikuwa akitoka Matete kila Desemba, anavua viatu mlangoni pa bwalo kama anaingia kanisani, anaomba aonyeshwe jina ni lipi, kisha analigusa kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Halafu ndio anakubali kunywa chai.

Sasa sikia jinsi majina mengine ya mwaka ule yalivyofutika.

Kiwanda cha sukari kilipofunguliwa, watu wa sehemu zile walishikwa na wazimu wa miwa. Mtu alipanda muwa mpaka dirishani, akashindwa kufungua dirisha, akasema hewa ya nini. Waling'oa mihogo, waking'oa ndizi, na makaburi wangeyang'oa kama si aibu ya majirani. Prinsipo wa Emukaya, Bwana Elkanah Shikanga, msomi wa digrii na tai, aliambukizwa kuliko wote. Mwaka wa sabini na nne alipanda miwa kwenye ardhi ya chuo iliyopakana na uwanja, akaliita shamba la mfano. Mfano wa nini, hakusema. Mavuno yalikuwa ya chuo kwenye karatasi na ya Shikanga kwenye lori.

Kila alipovuna na kulima upya, yaani kila baada ya miaka miwili, Prinsipo aliongeza mistari minne kuingia uwanjani. Minne tu! Nani atagombana na mtu kwa mistari minne? Alimwita Osundwa, mzee wa kufyeka na kuchora uwanja, akamwonyesha kwa kidole mahali kona mpya itakapopita. Osundwa alichomoa kigingi, akakichomeka huku ndani zaidi, akafunga kamba yake, akazunguka na kopo la chokaa. Kona ikawa nzuri, nyeupe, ya duara. Ila ilikuwa imesogea mita sita.

"Na wewe unaona ni sawa?" Pascalia alimwuliza mara ya kwanza.

"Mimi nawekanga kigingi pale Bwana Mkubwa anasema," Osundwa akajibu. "Akisema niweke jikoni, wasichana watakimbilia jikoni."

Kila mtu aliona uwanja unaliwa. Hakuna aliyejali, kwa sababu Emukaya hawakuwahi kuhesabu mbio kwa mita. Mita mia nne iliitwa raundi moja, mia nane raundi mbili, na elfu moja na mia tano ilikuwa raundi tatu na kitu. Ndivyo walivyosema wanafunzi, ndivyo walivyosema walimu, na ukishazunguka mara mbili umemaliza, uende ukanywe maji. Uwanja ungepungua ukawa kama ungo wa kupepetea mtama, raundi mbili zingebaki raundi mbili.

Basi rekodi zikaanza kuanguka. Baada ya mavuno ya sabini na sita zilivunjwa tatu. Baada ya sabini na nane, nne. Watu waliokuwa wakimaliza nyuma ya mbuzi wa jirani wakawa wanakimbia nyakati za kutisha. Mchoraji wa mabango wa Amalemba alizoea njia ya bwaloni mpaka wapishi wakamjua kwa kikohozi. Emukaya ikapata sifa. Halafu ikapelekwa kwenye michezo ya vyuo, Kisumu, mbele ya watu.

Lo! Aibu ile. Kila mwaka mambo yalikuwa yale yale. Wakimbiaji wa Emukaya wanatoka mbele, wanaongoza, wanapungiwa vitambaa, kisha karibu na mwisho, miguu inazimika. Wote. Mahali pale pale. Mwili ulishazoea kwamba hapa ndipo mwisho, na mwili haujui siasa. Walipitwa hadi na vyuo ambavyo havikuwa na uwanja kabisa. Wakirudi, Emukaya ilisema ni joto la ziwa. Mwaka uliofuata ilikuwa samaki, tumbo halijazoea samaki. Mwaka wa themanini na moja ilikuwa uchawi, na mkutano wa maombi ukaitishwa.

Aliyekuwa akitunga visingizio hivyo ni Mwalimu Chrispinus Wanjala, mwalimu wa michezo, mtu ambaye hajawahi kukimbia maishani isipokuwa siku ile nyuki walipoingia darasani. Na sasa, Oktoba ya themanini na tatu, riadha ya Emukaya ilikuwa inatimiza miaka kumi, na Wanjala alikuwa ameandika kijitabu. Kiliitwa Miaka Kumi ya Ushindi. Pascalia alikisoma stoo, amekalia gunia la chokaa, akicheka kwa pua. Kurasa ishirini na nne, na neno muwa halikutokea hata mara moja! Samaki walipewa aya nzima.

Jumatatu ya juma la sherehe, Wanjala mwenyewe akatokea mlangoni.

"Dada Pascalia, mulembe. Jumamosi utashika stopwochi kama kawaida. Mchoraji pia tumemwita."

"Mchoraji wa nini?"

Wanjala alitazama mikuki. "Yule mwanafunzi wetu Rosebella amekuwa akikimbia vizuri sana mazoezini. Raundi mbili, dakika mbili na sekunde kumi. Prinsipo anataka rekodi ya mwisho ya zamani ianguke mbele ya wageni. Usichukie. Rekodi inawekwa ivunjwe."

"Ivunjwe kwa miguu, Mwalimu. Ninyi mnaivunja kwa jembe."

"Maneno gani hayo sasa?"

"Pimeni uwanja. Chukueni utepe, mpime mara moja tu, na akinishinda nitashika brashi nijifute mwenyewe."

Wanjala alicheka kile kicheko cha mtu anayesikiliza kama Prinsipo yuko karibu. "Kupima uwanja ni kumtilia shaka mkubwa. Na tupime nini? Raundi ni raundi." Akaenda zake.

Pascalia alibaki amesimama, ufunguo mkononi. Jumamosi jina litafutwa. Desemba mama atakuja, avue viatu, anyooshe kidole. Ataonyeshwa nini? Aambiwe nini, ati mwanangu alishindwa na muwa? Hasira ilimpanda mpaka machozi yakamtoka, na aliyachukia yale machozi, maana hakuona mtu hata mmoja Emukaya aliyestahili kuliliwa.

Mungu ana mizaha yake. Alhamisi, kiwanda kilimtuma mpimaji wake, Ayub Mahmoud wa Mumias, na vijana wawili wa kuvuta mnyororo wa kupimia. Kiwanda kilikuwa kinampa Prinsipo tuzo ya mkulima wa mfano, siku hiyo hiyo ya sherehe, ili meneja asije mara mbili. Tuzo yenyewe ilikuwa jembe la trekta, la diski tatu, jipya. Lakini kwanza shamba lipimwe upya.

Na Prinsipo, roho ilivyokuwa juu, alimzungusha Ayub mwenyewe. Pascalia aliwasikia kutoka stoo. Mpimaji alitaka kusimama pale miwa ilipoishia kwenye ramani ya sabini na nne. Prinsipo akakataa katakata. "Wapi! Endelea, endelea. Yangu inafika mpaka kwenye chokaa. Usiniibie hata mstari mmoja, bwana." Akamsogeza mpaka mwisho wa jani la mwisho.

Prinsipo alipoondoka, Pascalia alipeleka chai. Chai yake mwenyewe, yenye maziwa.

"Asalaam aleikum," alisema, maana alijua adabu za watu wa Mumias.

"Waaleikum salaam, dada. Hii chai ni ya chuo?"

"Mungu apishie mbali. Niambie, ndugu yangu, miwa imeingia uwanjani kiasi gani tangu ramani ile ya kwanza?"

Ayub alifungua daftari. "Mistari kumi na sita. Mita ishirini na nne kamili."

Pascalia alihesabu kwa sauti. Kona imesogea mita ishirini na nne, kwa hiyo mkimbiaji anapunguziwa ishirini na nne akienda na ishirini na nne akirudi. Raundi moja, arobaini na nane. Raundi mbili, tisini na sita. Ayub aliweka kikombe chini, akahesabu naye, akaanza kutabasamu kidogo kidogo mpaka meno yote yakaonekana.

"Hawa watu wako wana elimu kweli?" akauliza.

"Wanafundisha walimu," Pascalia akasema.

Jumamosi asubuhi, kabla ya wageni, mnyororo wa kiwanda ulivutwa tena, kwa hisani, kutoka mstari wa kumalizia kuendelea mbele hadi mita tisini na sita. Pascalia akachomeka kigingi chenye kitambaa chekundu. Osundwa alikitazama, akauliza ni cha nini. Alipoambiwa, mzee alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka akashika mbavu. "Njia ya mwongo fupi," alisema. "Na mimi ndiye nimekuwa naichoranga."

Sherehe ikaanza. Wageni walijaa chini ya turubai, ingokho, kuku wa wageni, imechemka masufuria manne, jembe jekundu la diski tatu limewekwa mbele ya meza kuu na kufungwa utepe. Ubao wa rekodi ulikuwa umeng'olewa bwaloni ukaletwa nje, umeegemezwa kwenye kiti, na mchoraji wa Amalemba amechuchumaa kando na kopo lake la rangi nyeusi. Prinsipo Shikanga alihutubia kwa dakika hamsini. Alisema riadha ya Emukaya imekua kila mwaka. Pascalia, stopwochi shingoni, alitema mate pembeni.

Vibao vya kuanzishia mbio viligongwa, wasichana wakatoka. Rosebella alikuwa msichana mrefu, mwenye bidii, asiye na kosa lolote isipokuwa kuamini walimu wake. Alizunguka mara moja anaongoza. Alizunguka ya pili peke yake, wenzake wako nyuma kule kwenye miwa. Alipovuka mstari, umati uliruka juu, na Wanjala aliyekuwa akitazama saa yake ya mkono akapiga ukelele, "Dakika mbili na kumi! Dakika mbili na kumi!" Mchoraji alichovya brashi.

"Mama Stoo," Prinsipo alisema kwenye kipaza sauti, anameremeta, "hebu tusomee muda rasmi."

Pascalia hakusimamisha stopwochi. Aliinyanyua juu, watu waisikie ikitembea kama wanaweza.

"Bado, Bwana Mkubwa. Mbio hazijaisha."

"Hazijaisha vipi? Amezunguka mara mbili!"

"Amezunguka mara mbili, ndiyo. Lakini ubao unasema mita mia nane. Bado mita tisini na sita. Mwisho uko pale." Akaonyesha kitambaa chekundu. Osundwa alikuwa amesimama kando yake, wima kama askari wa gwaride.

Kicheko kikapita chini ya turubai, kisha kikakatika. Prinsipo hakuwa anacheka. "Huyu mama amechanganyikiwa. Wageni wetu, mtusamehe. Uwanja huu haujaguswa hata inchi moja tangu chuo kianze. Mchoraji, andika."

Brashi ikaenda ubaoni. Pascalia aliiona ikikaribia ile P. Miaka kumi, na inaondoka kwa brashi ya shilingi tatu!

"Ngoja kwanza," ilisema sauti. Alikuwa meneja wa kiwanda, mtu mnene mpole, ameshika karatasi ya tuzo, na uso wake ulionyesha mtu aliyechanganyikiwa kikweli. "Bwana Shikanga, haujaguswa? Mpimaji wangu ameniandikia hapa kwamba umeongeza mistari kumi na sita kutoka upande wa uwanja. Nilikuwa naenda kuwasomea watu. Ndiyo sababu ya tuzo. Kama uwanja haujaguswa, basi hii karatasi ni ya uongo, na hilo jembe itabidi nirudi nalo."

Hata kuku wa sufuriani nadhani walitega sikio.

Ayub Mahmoud alisimama nyuma ya meneja, daftari kifuani, akasubiri kwa heshima.

Prinsipo aliutazama ubao. Akalitazama jembe. Diski zile tatu ziling'aa, utepe unapepea. Akautazama ubao tena, kwa sekunde moja hivi, labda kwa ajili ya ile digrii yake. Wanjala alinong'ona kitu, akasukumwa kando kwa kiwiko.

"Vipimo vya kiwanda," Prinsipo alisema kwenye kipaza sauti, "havidanganyi."

Mbwa! Hakuona haya hata chembe. Miaka kumi ya ushindi, kurasa ishirini na nne, samaki na wachawi wote, aliuza kwa jembe moja mbele ya meza iliyowekwa maua. Mchoraji alirudisha brashi kwenye kopo.

Lakini stopwochi ilikuwa bado inatembea. Na Rosebella, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi kichwa kikiwa kati ya magoti, aliinuka. Aliwatazama walimu wake mmoja mmoja. Wanjala aliangalia viatu. Msichana alirudi kwenye mstari, akainama, akakimbia zile mita tisini na sita zilizobaki, kwa nguvu zote, machozi yakimtiririka, mpaka kwenye kitambaa chekundu. Osundwa akampokea kwa mikono miwili. Pascalia akabonyeza.

"Dakika kumi na moja na sekunde nne," alitangaza, na hakuhitaji kipaza sauti. "Ndiyo mita mia nane ya kwanza kukimbiwa hapa Emukaya tangu sabini na sita. Mpigieni makofi!"

Walipiga. Pascalia aliyadharau makofi yao pia, maana wangempigia na mchoraji vile vile.

Mtu angedhani hadithi inaishia hapo, Mama Stoo juu, Prinsipo chini. Wapi! Watu kama Shikanga hawaanguki, wanakaa tu mahali pengine. Majuma mawili baadaye trekta liliingia na jembe jekundu likalima uwanja wote, goli hadi goli. Si uongo ulikuwa umekwisha kusemwa? Kulikuwa na haja gani tena ya kujificha mistari minne minne? Wanjala akapewa kufundisha kuimba. Prinsipo alimkuta Pascalia amesimama pembeni mwa udongo uliopinduliwa, akamwambia bila chuki hata kidogo, kama anampa zawadi, "Mama Stoo, umeshinda. Rekodi yako sasa haitavunjwa milele."

Desemba mama yake alikuja kutoka Matete. Akavua viatu mlangoni pa bwalo, ambako ubao ulikuwa umerudishwa. Akaligusa jina, herufi moja baada ya nyingine, hadi mwisho. Pascalia alisimama nyuma yake akitazama dirishani, ambako vichipukizi vya miwa vilikuwa vimeshatoboa ardhi palipokuwa na kona ya pili, na kwa mara ya kwanza alilionea aibu jina lake. Nani atalifikia, na afikie wapi? Alikuwa amelinda mstari mmoja ubaoni, na mbio zenyewe zimelimwa.

Januari, chuo kilipofunguliwa, Rosebella alikuja stoo asubuhi na mapema, amevaa kaptura ya michezo na fulana.

"Mama Stoo, nipime."

"Nikupimie wapi, juu ya miwa?"

"Barabara ya matrekta. Yule mpimaji wa Mumias anapita leo na mnyororo wake. Nimemwomba."

Ayub alipima mara mbili, kwenda na kurudi, kutoka geti la chuo hadi mahali palipofika mita mia nane kamili, barabara nyekundu katikati ya miwa ya watu. Rosebella alikimbia. Hakukuwa na kona, hakukuwa na umati, na zilipobaki mita mia miguu ikazimika pale pale, kama ya wote waliotangulia. Alimaliza anayumba, akaanguka magotini mavumbini.

"Ngapi?"

"Mbili na sekunde ishirini na nane."

"Ni mbaya?"

"Mbaya sana. Maandamano ya harusi yangekupita."

Msichana alitema vumbi. Akafuta uso kwa fulana. "Na wewe ulikimbia mbili na sekunde kumi na moja?"

"Kumi na moja. Pekupeku."

Rosebella aliitazama ile barabara yote, kutoka pale alipokuwa mpaka getini. Kisha akavua viatu, akavipanga pembeni, akaanza kutembea kurudi kwenye mstari wa kuanzia.

Pascalia akarudisha mshale wa stopwochi kwenye sifuri.